Nakala Tatu

"Kidevu chini kidogo. Masikio tuyaone. Usicheke, baba."

Maneno haya nayasema kutwa, Darajani, ndani ya kichumba kilichojificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Kazi yangu ni picha za paspoti. Nina kigoda kimoja, taa mbili, kamera ambayo tajiri wangu aliinunua mkononi, na pazia la bluu lenye kiraka ambacho hakionekani mtu akikaa anavyotakiwa. Mtu anaingia na uso wake wa njiani, bado anamalizia ugomvi kwenye simu. Anakaa. Namwambia asicheke, na hapo hapo uso ule unaondoka unakuja mwingine, mkavu, kama uliopigwa pasi. Huo nauita uso wa serikali. Kila mtu anao na hakuna aliyefundishwa. Nimewahi kumpiga picha mtoto wa miaka minne anayekwenda Muscat na mamake, na yeye alikuwa nao.

Kutocheka si ukorofi wangu. Paspoti za kielektroniki, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa Januari 2018, zinasomwa na mashine, na mashine inataka uso uliotulia: macho wazi, mdomo umefungwa, pande zote mbili zinaonekana. Ukicheka mashavu yanapanda, macho yanakuwa membamba, mdomo unatanuka, vipimo vinavurugika. Maana yake mashine inakutambua vyema zaidi pale ambapo huna furaha wala huzuni. Wateja nikiwaeleza hivyo huangua kicheko, halafu inabidi tusubiri kicheko kiishe ndipo nipige.

Jambo jingine nililojifunza pale ni kwamba wasindikizaji wakae nje. Mtu akija na mchumba wake, au na rafiki wa kumchekesha, macho hayatulii kwenye lenzi. Unamwambia tazama hapa, naye anatazama kweli, lakini mboni zinavutwa upana wa uzi kwenda kwa yule aliyesimama pembeni. Kwenye picha huoni kosa, unaona tu kuna kitu hakikukaa sawa. Mwanzo nilikuwa nikiilaumu kamera.

Jioni nachora. Nilianza kwa kuchoka: baada ya kutwa nzima ya nyuso za serikali nilitaka kuona nyingine. Natembea na daftari, penseli tatu na raba, nakaa kwenye baraza yoyote ya Mji Mkongwe saa kumi alasiri, wakati jua linapopiga ukuta mmoja wa kichochoro na mwanga kurudi taratibu kwenye ukuta wa pili. Mwanga huo wa chokaa haumkati mtu, unamzunguka. Wazee wanaokunywa kahawa hawajui kwamba wamekaa kwenye studio bora kuliko ya tajiri wangu.

Aliyenifundisha kuchora alinianzishia rula, hakunianzishia penseli. Akaniambia: pima kichwa chote kuanzia utosini mpaka kidevuni, kigawe nusu. Macho yako hapo hapo, katikati. Sikumwamini mpaka nilipojipima mwenyewe kwenye kioo. Anayeanza kuchora huyapandisha macho juu karibu na nywele, kwa sababu tukimtazama mtu tunatazama macho na mdomo. Paji la uso na utosi tunavisahau. Kati ya jicho na jicho panaingia jicho la tatu. Na pande mbili za uso hazifanani. Ukizichora zikafanana, umechora kinyago. Vitu hivi vikishakuingia unaweza kumtoa mtu yeyote akatambulika, na ndipo unapoanza kujiona fundi.

Mimi nilijiona fundi kiasi cha kukubali kumchora babu.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka 2021, huko Konde, kaskazini ya Pemba. Aliacha mikarafuu, deni moja dogo la saruji, na picha moja: ile ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nyumbani kwao ukutani hapatundikwi picha. Bibi ni wa wale wanaosema malaika wa rehema haingii penye picha za viumbe, na sisi wajukuu tulizoea kuta zenye saa, kalenda na aya tu. Kwa hiyo aliponipigia simu akaniambia, "Nichoree mume wetu," nilidhani sikusikia vizuri. Mume wetu, kwa sababu kwa utani wa kwetu mimi na yeye ni wake wenza. Tangu nina miaka mitatu ananiita mke mwenzangu.

"Utaiweka wapi, bibi?"

"Kwani kasha halina nafasi?"

Nikaikuza picha ya kitambulisho kwenye kompyuta ya dukani, nikapima, nikachora kwa wiki mbili kwenye karatasi ya A3. Ilitoka. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ilitoka: makunyanzi, nyusi zilizobaki nusu, kovu la kwenye shavu alilolipata kwa kuanguka mkarafuuni. Nikapanda boti mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani mpaka Konde ni kuivuka Pemba yote kusini hadi kaskazini, karatasi nimeibana mapajani ndani ya bomba la plastiki.

Bibi akaifungua juu ya mkeka. Akaitazama muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

"Huyu ndiye yule wa kitambulisho."

"Ndiye babu, bibi."

"Babu yako nimekaa naye tangu mwaka sabini. Huyu nimemwona siku moja tu, siku waliyompiga picha. Mtazame, kichwa wazi, kama mtu anayekwenda kulala." Akaikunja tena, polepole, kwa adabu kabisa, kama unavyomrudishia mtu chombo chake kilichokuja na chakula usichokipenda. "Mchoro mzuri lakini. Umechoka, nikuwekee chai."

Nilirudi Unguja nimenuna. Kosa la mstari ningelijua. Pua ilikuwa pua yake. Kumbe nilichofanya ni kuuhamisha uso wa serikali kutoka kadi ndogo kwenda karatasi kubwa, na kadiri ulivyokuwa mkubwa ndivyo ulivyozidi kuwa mtupu.

Wiki zile nikawa napita Mtaa wa Gizenga nikitazama picha za kuuza kwa jicho jingine. Unazijua: kati ya majahazi na milango na Wamasai warefu kama vijiti, hapakosi bibi mmoja. Amekunjamana, macho yametazama mbali, kitambaa kichwani. Yupo duka hili na lile, na ukizitazama vizuri ni mtu mmoja, ametolewa kwenye picha moja iliyopatikana intaneti, akachorwa na mikono ishirini. Mgeni anamnunua kwa sababu, anasema, uso wake una hadithi. Hadithi ipi? Hakuna anayejua hata jina lake. Makunyanzi tu yamefanywa kuwa maana. Bi Kidude naye aliponzwa na jambo hilo hilo. Kuna watu waliopiga picha uso wake kutoka kila upande mpaka alipofariki Aprili 2013, na ukiwauliza watakwambia habari ya makunyanzi na sigara kabla hawajakwambia kuwa alikuwa kungwi aliyewafunda wasichana unyagoni. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Wakaupima kwa ngozi.

Ninayempenda zaidi katika mambo haya ni mchoraji aliyezaliwa hapa hapa Zanzibar mwaka 1954, akaondoka akiwa mtoto wa miezi baada ya baba yake kufa kwa malaria, akakulia Uingereza: Lubaina Himid. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi yake ninayoirudia kila mara ni ya mwaka 2004, watu mia moja aliowachora kwa ukubwa wa mtu mzima na kuwakata wasimame wenyewe, ukumbi mzima. Ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi kwenye nyumba za mabwana wa Ulaya, wale ambao kwenye michoro ya kale wanawekwa pembeni wameshika sahani au mbwa wa bwana. Himid akawatoa pembeni. Wapo wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani. Na mgongoni mwa kila mmoja ameandika maneno machache kama ya kwenye daftari la hesabu: jina lake la kwao, jina alilopewa, kazi aliyokuwa akiifanya, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kimoja kilichobaki ambacho ni chake. Mbele wote wamevaa rangi, wanapendeza. Wa kukujuza ni mgongo.

Sijawahi kuiona kwa macho, nimeiona kwenye skrini tu. Lakini ilinifanya niwe na tabia ya kugeuza kila picha.

Halafu kuna Salme. Kila mgeni anaisikia habari yake: binti wa Seyyid Said, kazaliwa 1844 Bet il Mtoni, mwaka 1866 akaondoka usiku na meli ya Kiingereza akiwa mjamzito, mwaka uliofuata akabatizwa Aden, akaolewa na Heinrich Ruete, akaenda zake Hamburg kuitwa Emily. Picha yake inayojulikana kuliko zote ilipigwa huko Hamburg, studio, na amevaa nguo za kwetu. Nguo ambazo mjini kule hakuwa akizivaa tena. Ukiitazama haraka unaona binti wa mfalme wa Zanzibar. Mimi kwa kazi yangu namwona mteja: mwanamke aliyekulia katika barakoa, hapa amekaa mbele ya mwanamume mgeni mwenye kamera, uso mtupu, na kilicho kama vazi la kujificha sasa ni ile mikufu. Huwezi kupata kitu usoni pale. Nimejaribu. Mumewe akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu kwenye lugha ya watu. Alipofariki 1924 walimzika Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa nao siku zote. Kifuko hicho hakimo kwenye picha yoyote.

Watu wa sanaa hupenda kusema kwamba picha nzuri ya sura inamfunua mtu, inaonyesha roho. Sikubaliani, na nadhani anayelelewa huku kwetu hawezi kukubaliana kirahisi. Tumefundishwa kwamba uso umeumbwa na haya, na kwamba kilicho ndani ya mtu kina sitara yake. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na si kila msitu lazima ukatwe ili ujulikane. Picha ninazozipenda, hata zile ambazo Rembrandt alijichora mwenyewe mara kama themanini maisha yake yote, zinanionyesha mtu anavyojisitiri, siyo anachokisitiri. Mnatazamana naye mkijua wote wawili kuna mlango umerudishwa.

Sasa nieleze ya kicheko, maana ndiyo iliyonirudisha Konde.

Kulikuwa na daktari Mfaransa, Duchenne, aliyekuwa akigusisha waya za umeme kwenye nyuso za watu ili misuli ijikunje mmoja mmoja, naye akizipiga picha. Aliyemtumia zaidi alikuwa mzee mmoja ambaye uso wake ulikuwa umekufa ganzi, basi hakuumia. Mwaka 1862 akachapisha aliyoyaona. Msuli unaovuta pembe za mdomo, akasema, unamtii mwenyewe. Ukitaka kucheka, unacheka. Lakini ule unaozunguka jicho, unaoinua shavu na kukunja pembe ya jicho kama mguu wa kuku, ule hautii amri, unakuja wenyewe furaha ikiwa ya kweli. Baadaye imeonekana wapo wanaoweza kuukunja kwa kusudi. Wengi wao, kwa uzoefu wangu, wanauza nguo Darajani.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka kwamba babu alikuwa akicheka kwa macho peke yake. Mdomo ulibaki pale pale, mkavu, watu wasiomjua wakidhani amekasirika. Nikasema hicho ndicho bibi alichokikosa. Nikapiga simu nikauliza kama kuna picha nyingine, yoyote, ya harusi, ya msibani, nyuma ya mtu mwingine.

Akanyamaza kidogo. "Ipo moja. Njoo."

Kasha la bibi ni la misumari ya shaba, la mamake. Ndani yake, chini ya kanga mbili ambazo hazijakatwa na chupa ya udi, kulikuwa na bahasha. Picha ya ukubwa wa kiganja, nyeusi na nyeupe, kingo zimekatwa kwa mawimbi. Ya zamani, kabla ya ndoa yao, siku babu alipokuwa kijana anayebeba magunia bandarini Unguja. Ya studio: nyuma pazia lililochorwa nguzo na mawingu, pembeni meza ndefu yenye maua. Siku hizo mjini kulikuwa na studio kadhaa. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa 1930, ndiyo ambayo hata sisi wa leo tunaijua, maana mwanawe Rohit aliirithi na watu wanapita Barabara ya Kenyatta mpaka leo kutazama picha zake. Hii ya babu sijui ni ya fundi gani, muhuri umefutika. Lakini fundi alikuwa fundi. Nikaiweka kwenye mwanga wa mlangoni na nikaona chini ya macho mahali palipong'aa kidogo kuliko ngozi. Mafundi wale walikuwa wakichonga penseli mpaka iwe sindano, wakachora juu ya negetivu yenyewe, nukta nukta. Penseli nyeusi pale hutoka nyeupe kwenye karatasi. Alimfutia kijana uchovu wa magunia. Koti aliloazimwa lilikuwa kubwa, mikono imemeza vidole.

Na alikuwa anacheka. Pembe za macho zimekunjana kabisa. Mdomo haukucheka.

"Ndiye?" nikauliza.

"Ndiye."

Nikafurahi peke yangu. Nikatoa daftari pale pale, nikaanza kupima, nusu ya kichwa, jicho, nafasi ya jicho, jicho. Nilipofika kwenye mboni penseli ikasimama. Mboni zote mbili zilikuwa zimekwenda kushoto. Kidogo, upana wa uzi. Hakuitazama lenzi. Palikuwa na mtu amesimama pembeni mwa fundi, pale ninapowakataza mimi wasindikizaji wasisimame, na kicheko chote kile kilikuwa chake huyo.

Nikaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na namba ya penseli, mstari, halafu tatu. Hata sisi dukani tunaandika hivyo kwenye bahasha: namba ya mteja, na ngapi anataka.

Bibi alikuwa ananitazama tangu nilipoigeuza.

"Nakala tatu," akasema. Akainua kidole. "Moja ndiyo hiyo. Moja alimpelekea mamake, mchwa wakaila, nimeshuhudia mwenyewe." Kidole cha tatu hakukiinua.

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Miaka hamsini na moja namtilia chai." Akatengeneza ukaya wake, akacheka. "Mie nikidhani mke mwenzangu ni wewe tu."

Alicheka vizuri sana, kwa sauti, mpaka mtoto wa jirani akachungulia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama pembe za macho yake. Akaniona natazama. Akauvuta ukaya mpaka kwenye nyusi, akageukia jiko.

Sikumchora. Naulizwa sana na rafiki zangu wachoraji nikiwahadithia, uso ule umeuachaje? Ningeuchukua nao ungekuwa wa nani?

Alipoleta chai akakaa karibu yangu, akaishika ile picha kwa ncha za vidole.

"Nichoree huyu. Mvishe kofia."

"Sawa, bibi."

"Na mgeuze macho. Anitazame mie."

Nilichora siku tatu, barazani, yeye akichambua, karafuu huku na makonyo kule, asiseme kitu. Kofia nilimwekea ile ya viua aliyokuwa akiivaa Ijumaa, bibi akanitolea kutoka kasha lile lile ili nihesabu matundu. Koti nikalipunguza. Macho niliyaacha mwisho. Kuzihamisha mboni ni kazi ya dakika mbili: unafuta kipande kisichofika punje ya mchele upande wa kushoto, unatia giza upande wa kulia, unarudisha nukta nyeupe ya mwanga mahali pake. Uso mzima unageuka bila kugeuka.

Nikampa. Safari hii aliitazama mpaka adhana ya alasiri ikaisha.

"Na kicheko umekiacha vile vile?"

"Nimekiacha, bibi. Nikibadilishe?"

Akafikiri.

"Kiache."

Akaifunga kwenye kanga mpya, akaiweka kasha, na ile ndogo yenye namba akairudisha kwenye bahasha yake, chini kabisa, chini ya udi.